Mama Hakusoma: Kuhusu Hesabu za Elimu ya Watu Wazima Mashambani

Mwenyekiti, walimu wa ngumbaru, wazee wangu na akina mama mliofika,

Katika sensa ya Kenya ya Agosti 2019, karani aliketi kwenye kigoda uani kwa mama yangu, tableti mapajani, akamwuliza kiwango cha juu cha elimu alichofikia. Mama alijibu, “Mimi sikusoma, mwanangu,” na karani akaingiza jibu hilo. Lilikuwa jibu la kweli, kwa kuwa hajawahi kukalia dawati la shule ya msingi hata siku moja. Lakini jioni ile ile aliitoa simu aliyokuwa ameifunga kwenye pindo la leso, akaufuata ujumbe wa M-Pesa herufi kwa herufi kwa ukucha wa kidole, midomo ikicheza bila sauti, mpaka akaridhika kwamba pesa za maziwa zilizoingia ni sawa na zile alizokuwa ameziandika daftarini. Kusoma huko alikupata katika darasa la ngumbaru, alasiri mbili kwa wiki, kwenye ukumbi wa kanisa. Hakufanya mtihani, kwa hiyo hana cheti, na katika hesabu ya taifa hana elimu.

Ninalolileta mbele yenu ni kwamba takwimu za elimu ya watu wazima katika kaunti ya mashambani hueleza historia ya karo na safari za vijana wetu kuliko zinavyoeleza uwezo wa watu waliopo.

Mama alizaliwa mwaka 1957. Karo ya darasa la kwanza hadi la nne ilipoondolewa mwaka 1974, alikuwa na miaka 17 na mtoto mgongoni. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, tayari alikuwa na wajukuu. Mtu aliyekuwa na miaka 25 wakati wa sensa, kwa upande mwingine, alikuwa na miaka 9 tu mwaka huo wa 2003. Kuwatia wawili hawa katika asilimia moja ni kuchanganya nchi mbili.

Tena sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuhesabiwa. Ndugu zangu watatu, waliosomeshwa kwa ng’ombe wa mama huyo huyo mpaka wakapata diploma, walihesabiwa Nairobi na Nakuru. Elimu yao iliandikwa huko, na kwetu akaandikwa mama.

Sisemi kwamba pengo ni la makaratasi tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2006, ambao uliwapima watu wazima kusoma na kuhesabu, ulikuta wanaojua kusoma ni asilimia 61.5 nchini kote, lakini Nairobi walikuwa asilimia 87.1 na mkoa wa Kaskazini Mashariki asilimia 8.1. Tofauti ya namna hiyo haiwezi kufutwa kwa kubadilisha fomu. Mizizi yake ni umbali wa shule, kuhamahama na mifugo, na wasichana kuozwa mapema.

Ndiyo maana madarasa ya ngumbaru yananiuma moyoni. Katiba ya 2010 iliipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, lakini elimu ya watu wazima ikabaki kwa serikali ya kitaifa, na darasa linalokosa mwalimu huku kwetu halijui limlilie nani. Saa nazo ni jambo zito: darasa la asubuhi humkuta mama mtoni au kwenye zizi, na la jioni humkuta jikoni. Alasiri ndiyo saa yake pekee.

Darasa la mama lilifungwa pale mwalimu wa kujitolea alipopata kazi ya mshahara mjini, na sina la kumlaumu. Daftari la mama limeishia kwenye somo la kugawanya, nusu ya ukurasa, tarehe imeandikwa juu kwa mkono wake. Wanafunzi wenzake 14 bado wako hapa kijijini, na wengine wao wameketi mbele yangu. Ninaomba kikao hiki kiamue leo nani atashika chaki katika ukumbi ule, kabla ya mvua za Machi kuwarudisha wote shambani.