Kuogelea Shangani, Mtwara: jua maji kwanza ndo uvue shati

Haya wadau habari zenu, leo nipo Shangani hapa Mtwara mjini na kabla sijavua hata shati nataka muone pale mbele. Saa hivi ni miamba mitupu, matumbawe yana ncha kama wembe mpaka kule mbali, ila njoo jioni hapohapo mtu mzima anazama. Ndo maana mi naanzaga na maji.

Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huku kwetu maji yanakupwa sana kwenye saa 4 asubuhi na kujaa kwenye saa 10 jioni, tofauti inapita mita 3, alafu kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Hesabu ikikushinda mfuate mvuvi anayeshona nyavu, mwambie shikamoo mzee, maji yanajaa au yanatoka? Atakujibu bila kuangalia saa. Mi naingia maji yakiwa yamebakiza kama saa 1 kujaa, mwamba umeshafunikwa na mkondo umepoa. Maji yanayotoka siyapendi kabisa, yanapita kwenye milango ya mwamba kwa nguvu na wewe yanakubeba.

Hatua ya 2, miguu. Vaa yeboyebo yenye mkanda wa nyuma, kandambili wimbi moja tu limeondoka nayo. Sogeza kamera hapa kwenye kidimbwi, mnaona hiyo mipira myeusi yenye miba mirefu? Ukiikanyaga mwiba unakatikia ndani ya nyama. Kwenye mchanga buruta miguu, usinyanyue, samaki taa akiwa amejifukia atasikia mtikisiko na kukimbia mwenyewe. Akikuchoma loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, alafu hospitali.

Hatua ya 3, chukua kumbi la nazi, tupa majini, hesabu mpaka 30 taratibu. Likienda nje kwa kasi msiingie, kesho ipo. Mdogo wangu aliwahi kubebwa hivyo, akawa anapiga mikono kuja nchi kavu moja kwa moja mpaka nguvu zikamwisha, nikawa nampungia kwa mkono aende pembeni, pembeni! Alipokata kufuata ufukwe mkondo ukamwachia. Na ukichoka lala chali uelee, inua mkono uite watu.

Wa kayaki, jaketi la kuokolea lifungwe vifungo vyote, na mwanzo nenda kule upepo unakotoka ili wakati wa kurudi umechoka ukusukume, hasa kipindi cha kusi.

Mkitaka mchanga mweupe nendeni Msimbati, ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na mdomo wa Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, kiingilio kinalipwa. Ila kule Ruvula, hukohuko Msimbati, kina kinashuka ghafla, hatua chache tu na chini hakuna, kwahiyo watoto muwashike mkono jamani, sio kuwaangalia kwa mbali huku mnachati. Matumbawe msiyakanyage, yanakua polepole sana na samaki wetu wanazaliana humo.

Namba ya zimamoto na uokoaji ni 114, iweke kwenye simu sasa hivi, na simu abaki nayo mtu wa nchi kavu.

Haya, maji yameshafika kwenye lile jiwe lenye ufa, naingia.