Simu ya video inaganda? Fuata njia ya picha yako hatua kwa hatua

Karibu. Leo tunashughulikia simu ya video: inavyosafiri kwa waifai na kwa data za laini, kwa nini inaganda, na nini cha kufanya ili isigande. Mifano yetu itatoka WhatsApp kwa sababu ndiyo iliyo kwenye simu za watu wengi, lakini karibu kila hatua inafaa kwa programu nyingine. Shika simu yako, tutafungua mipangilio pamoja.

Kwanza shika jambo moja, maana hatua zote zimejengwa juu yake. Unapotazama filamu mtandaoni, data zinashuka tu kuja kwako, na programu huweka akiba ya sekunde kadhaa mbele ili mtandao ukiyumba usitambue. Simu ya video haina akiba hiyo. Unachosema kinatakiwa kimfikie mwenzako papo hapo, na uso wako unatakiwa upande kutoka mkononi mwako hadi mnarani au kwenye ruta. Matatizo mengi yamejificha kwenye huko kupandisha, na hayaonekani kirahisi kwa sababu YouTube inacheza vizuri tu. Ukisikia mtu anasema "mimi nakuona vizuri, wewe ndiye hunioni", tatizo liko kwenye kupandisha kwake.

Sasa tazama hesabu hii. Kamera ikichukua picha 30 kwa sekunde, kila moja ya nukta 1280 kwa 720, mzigo ghafi unazidi megabiti 330 kwa sekunde. Huwezi kuurusha mzigo huo hewani kwa laini ya kawaida. Kwa hiyo chipu ya simu inabana: inatuma picha moja nzima, halafu zinazofuata inatuma mabadiliko peke yake, midomo inayosogea, jicho linalopepesa. Mzigo unashuka hadi karibu megabiti 1 kwa sekunde, na mtandao ukiwa dhaifu unashushwa hadi robo ya hapo au chini zaidi. Ndiyo maana ukungu unatangulia kuganda: programu inapunguza ubora kwa makusudi ili mazungumzo yasikatike.

Sauti inabanwa kivyake. Kodeki, yaani mbinu ya kubana sauti, iitwayo Opus, inayotumiwa na programu nyingi za simu, inatoa sauti safi kwa kilobiti 24 tu kwa sekunde. Sauti hiyo hukatwa pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, 50 kila sekunde, kila pakiti ikiwa na milisekunde 20 za maneno yako. Pakiti ikipotea njiani mara nyingi hairudiwi, kwa kuwa neno linalofika likiwa limechelewa halina kazi tena. Programu inajaza pengo kwa kukisia, na hapo ndipo unaposikia ile sauti ya roboti. Picha ikipoteza pakiti, mabadiliko yanayofuata yanakosa pa kushika, uso unameguka miraba miraba mpaka simu ya upande wa pili itume picha nzima upya. Ukiiona hiyo miraba, usikate simu. Subiri sekunde chache.

Twende kwenye hatua.

Hatua ya kwanza, pima kupandisha. Fungua kivinjari, nenda fast.com, acha namba kubwa itulie, kisha bonyeza kitufe cha maelezo zaidi. Ile namba kubwa ni ya kushusha, iache. Angalia kasi ya kupandisha, yaani ya kupakia: ikiwa megabiti 1 au zaidi kwa sekunde, picha itakuwa nzuri. Ikiwa chini ya nusu megabiti, jiandae kwa picha ya ukungu. Kisha angalia ucheleweshaji, ambao huonyeshwa mara mbili: mtandao ukiwa hauna kazi na ukiwa na mzigo. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikizidi sana hapo mnaanza kukatizana maneno, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza. Tahadhari: kipimo hiki kinakula bando. Laini yenye kasi ya megabiti 20 ikipimwa kwa sekunde 10 tu, MB 25 zimekwenda. Pima mara moja, si kila dakika.

Hatua ya pili ni kwa anayetumia data za laini. Vile vistari vya mtandao juu ya skrini vinaonyesha nguvu ya mawimbi yanayokufikia kutoka mnarani. Havionyeshi mnara umejaa watu kiasi gani, wala mawimbi yako yanafika mnarani kwa nguvu gani. Mnara una nguvu nyingi na antena kubwa juu ya nguzo. Simu yako kwenye 4G hutuma kwa kiwango cha juu cha wati 0.2 hivi. Kwa hiyo ukiwa mbali, mnara unakufikia wewe lakini wewe unaufikia kwa shida.

Tafuta namba halisi. Kwenye Android nenda mipangilio, kuhusu simu, hali, halafu hali ya laini. Majina yanatofautiana kidogo kati ya simu na simu. Utaona nguvu ya mawimbi kwa dBm, ikiwa na alama ya kutoa mbele yake. Kwa 4G, hasi 85 au karibu zaidi na sifuri ni nzuri. Hasi 100 inatosha. Ikipita hasi 110, kama hasi 115, simu ya video itasumbua hata kama kistari kimoja kinaonekana. Sasa tembea nayo: toka chumba cha ndani uende dirishani, toka chini ya bati uende barazani, panda ghorofa moja kama ipo. Bati na zege lenye nondo hula mawimbi vibaya sana. Ukipata ongezeko la dBm 10, nguvu inayopokelewa imekuwa mara kumi. Mita tatu tu zinaweza kuleta tofauti hiyo, na hazikugharimu chochote.

Kama namba ni nzuri na bado inakatakata, mnara umejaa. Saa mbili hadi saa nne usiku watu wako nyumbani na wote wako mtandaoni. Hapo jaribu laini ya mtandao mwingine au sogeza muda wa kupiga. Kubadilisha mipangilio hakutasaidia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulaumu bando bure. Unaongea kwa video kwenye 4G, mtu anapiga simu ya kawaida kwenye laini hiyo hiyo, na picha inaganda papo hapo hata kabla hujapokea. Sababu ni kwamba kama simu yako au mtandao wako hauna VoLTE, yaani uwezo wa kupitisha simu za kawaida kwenye 4G, simu ya kawaida haiwezi kupita huko. Simu inashuka hadi 3G au 2G ili iipokee, na data zako zinashuka nayo au zinasimama kabisa. Msimbo wa nyota na reli, wa kutuma pesa au kuangalia salio, mara nyingi hufanya vivyo hivyo. Kwenye simu ya laini mbili, ukipokea simu kwenye laini ya pili, data za laini ya kwanza husimama kwa simu nyingi. Dawa: ingia mipangilio ya mtandao wa simu, tafuta VoLTE, washa. Kama unatumia waifai na mazungumzo ni ya muhimu, usaili wa kazi kwa mfano, washa hali ya ndegeni kisha washa waifai peke yake. Simu za kawaida hazitakufikia kwa muda huo, kwa hiyo waarifu wanaokutegemea.

Hatua ya tatu, waifai. Ruta nyingi za sasa zinatoa mtandao wa aina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ule wa 2.4 unapenya kuta na kufika mbali, lakini una njia tatu tu zisizoingiliana, namba 1, 6 na 11. Kwenye nyumba za kupanga au ghorofa lenye ruta ishirini, wote mnagombania hizo tatu. Maikrowevu ya jikoni na vifaa vya Bluetooth navyo viko hapo hapo. Ule wa 5 una nafasi zaidi lakini ukuta mmoja au miwili unauchosha. Kanuni yangu ni rahisi: ukiwa chumba kimoja na ruta tumia 5, ukiwa vyumba viwili mbali tumia 2.4. Na itoe ruta nyuma ya televisheni au ndani ya kabati. Iweke juu, wazi, katikati ya nyumba.

Halafu hakikisha hakuna anayeziba njia ya kupandisha. Simu moja ndani ya nyumba ikianza kuhifadhi picha zake mtandaoni, au mtoto akipandisha video ya TikTok, foleni inajaa ndani ya ruta na pakiti zako za sauti zinasubiri nyuma yake. Ndipo ule ucheleweshaji wa wakati wa mzigo, tuliouona kwenye kipimo, unaporuka kutoka milisekunde 40 hadi 600. Zima uhifadhi wa picha kwa nusu saa. Marekebisho haya peke yake huponya simu nyingi zinazodhaniwa kuwa na intaneti mbovu.

Pia chagua mtandao kabla ya kupiga, usihame katikati. Ukitoka nje ya nyumba huku unaongea, simu inaacha waifai na kushika data za laini, na anwani yako ya intaneti inabadilika. Programu italazimika kutafuta njia upya, ndiyo maana unaona "inaunganisha tena". Kuhama mnara hadi mnara ukiwa kwenye gari si tatizo kubwa hivyo, kwa kuwa 4G imeundwa kwa kazi hiyo.

Hatua ya nne, mwanga, na hii ni sehemu ya mtandao ingawa haionekani hivyo. Chumba chenye giza hufanya kamera itoe picha yenye chengachenga. Zile chenga zinabadilika kila picha, na kwa mbanaji kila badiliko ni data mpya ya kutuma. Giza likizidi, kamera inaacha mlango wa kuingiza mwanga wazi muda mrefu zaidi ya sehemu ya 30 ya sekunde, na picha zinapungua hadi 15. Matokeo yake unatumia data zile zile kwa picha mbaya zaidi. Kaa ukielekea dirisha au taa, nyuma yako pawe ukuta mtupu. Feni inayozunguka, majani yanayopepea, kutembea barabarani huku unaongea, vyote vinaongeza mzigo. Egemeza simu kwenye kitu, isitikisike.

Simu ikipata joto nayo hujipunguzia kasi, na picha inaanza kurukaruka. Ichaji kabla, itoe kwenye kava nzito, iondoe juani. Kwa sauti, vaa spika za masikioni ili sauti ya mwenzako isirudi kwenye maiki yako. Za waya ni bora: nyingi za Bluetooth hushusha ubora wa sauti pale maiki yake inapowaka.

Sasa bando. Chukua video ya kilobiti 500 kwa sekunde kila upande. Biti 8 ni baiti 1, kwa hiyo ni MB 3.75 kwa dakika kwenda na MB 3.75 kurudi, jumla MB 7.5. Saa nzima ni MB 450, na GB 1 inakupa saa mbili na kidogo. Sauti peke yake, ukijumlisha na anwani inayobandikwa kwenye kila pakiti, ni kama MB 36 kwa saa. Tofauti ni zaidi ya mara kumi. Ndani ya WhatsApp fungua mipangilio, ingia hifadhi na data, washa kutumia data kidogo kwa simu. Picha itapungua ubora kidogo lakini itadumu zaidi kwenye mtandao dhaifu.

La mwisho, simu isiyoshika kabisa. Kama simu za watu zinakuja kama zilizokosa kupokelewa bila kuita, kiokoa betri kinailaza programu: nenda mipangilio ya betri, iruhusu WhatsApp ifanye kazi bila kizuizi. Kama unaita na inakwama kwenye kuunganisha, zima VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta nyingine, ujaribu tena, kwani inaweza kuzungusha pakiti zako nchi ya mbali. Kila kilomita 10,000 za waya huongeza milisekunde 50 kwenda upande mmoja. Ukimpigia ndugu aliye Dubai, fahamu kwamba Umoja wa Falme za Kiarabu unazuia simu za WhatsApp, na watu huko hutumia programu zenye kibali kama BOTIM, kwa hiyo kubalianeni mapema. Na kama mtaa mzima unalalamika, huenda hitilafu iko mbali nawe kabisa: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Siku kama hiyo zima kamera, ongea kwa sauti tu, na ikishindikana piga simu ya kawaida.