Mwandishi Naye Ajibiwe
Mhadhara uliotolewa Katuba, Lubumbashi, mbele ya waandishi na wasomaji

Wababa na wamama, ndugu waandishi, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: jambo sana.

Nimeombwa niseme juu ya waandishi na siasa. Vikao vya namna hii tumevizoea. Viti vitatu jukwaani, chupa za maji, mwongoza mazungumzo na karatasi yake, na swali la kwanza ni lile lile: mwandishi ana nafasi gani katika jamii? Mwandishi hujibu kwamba yeye ni sauti ya wasio na sauti. Watu hupiga makofi, kisha tunakwenda kula bukari. Mimi sikubaliani na jibu hilo. Watu wa mji huu wana sauti, tena kubwa. Leo nauliza: mwandishi akishasema, nani anaruhusiwa kumjibu?

Nianzie hapa nyumbani. Mwaka 1965, watu waliokuwa maboi katika nyumba za Wazungu walitoa historia ya Élisabethville, mji wetu huu kwa jina lake la zamani. Aliyeiandika kwa niaba ya chama chao ni André Yav. Aliiandika kwa Kiswahili chetu cha Katanga, jinsi kinavyosemwa nyumbani, bila kungoja mtu wa chuo akisafishe. Hebu fikirini ni nani waliokuwa wakisema. Ni wapishi, ni wafua nguo, ni watu waliosimama nyuma ya kiti cha bwana wakati bwana anakula na kuzungumza na wageni wake. Walisikia kila kitu. Waliujua mshahara wao, waliyajua matusi, walijua nani alikuja na nani aliondoka. Wataalamu walifika baadaye sana: mwaka 1990 Johannes Fabian alichapisha maandishi hayo pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo yanasomwa katika vyuo vikuu vya mbali. Nina uchungu kwamba vijana wengi wa Katuba hawajawahi kuyasikia.

Halafu kuna mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya mia moja, na akazieleza moja moja kwa Kiswahili. Alipofika Desemba 1941 hakupita pembeni: aliwachora wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, waliopigwa risasi uwanjani hapa mjini kwa sababu waligoma kudai nyongeza ya mshahara. Na mwaka 1986, Mobutu akiwa bado juu, kundi la maigizo la Mufwankolo lilitunga mchezo juu ya usemi kwamba ufalme huliwa mzima. Walijadiliana kwa Kiswahili kila mmoja aseme nini, wakaenda kuucheza kijijini Kawama mbele ya wanakijiji wenyewe. Hao wote hawakuwa wakialikwa kwenye matamasha ya vitabu. Lakini mjadala wa siasa katika mji huu ni wao walioufanya, na waliufanya mbele ya watu waliojua habari yenyewe kuwashinda.

Kusema peke yako ni kitu kimoja, kusema mbele ya watu wanaoweza kukujibu ni kingine, na wakubwa wanaielewa tofauti hiyo vizuri kuliko sisi. Mtazameni Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya aliyefariki Mei 2025. Mwaka 1977 alitoa kwa Kiingereza riwaya kali sana juu ya matajiri wapya wa Kenya. Ilizinduliwa Nairobi kwa heshima, waziri akiwepo. Mwaka huo huo, pamoja na Ngũgĩ wa Mirii na wakulima na wafanyakazi wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, akatayarisha mchezo wa kuigiza kwa Kikuyu. Wanakijiji walijenga jukwaa kwa mikono yao. Walikuwa wakimkatiza kwenye mazoezi: hapana, kiwandani hatusemi hivyo, mzee wa namna hii haongei hivyo. Mchezo ulipigwa marufuku baada ya wiki chache tu, na mwaka ulipokuwa unakwisha, mwandishi akachukuliwa usiku. Alikaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Hasira ile ile iliyokuwa kwenye riwaya ilikuwa kwenye mchezo. Kilichoongezeka ni kwamba wahusika walikuwa wamekaa pale, wanasikia, wanasahihisha.

Sasa niwaambie nilichokiona mimi. Ilikuwa kwenye uwanja wa parokia, siyo mbali na hapa. Mwandishi kijana, mwenye kipaji kweli, alisoma kipande cha hadithi yake juu ya mtoto anayechimba madini usiku karibu na Kolwezi. Kilikuwa na giza, na vumbi, na mama anayelia mlangoni. Alipomaliza, baba mmoja aliyewahi kuwa mchimbaji akainua mkono. Akauliza: huyo mtoto ana tochi ya kichwani, nani aliyemnunulia? Mwandishi akanyamaza. Yule baba akaeleza bila haraka. Tochi ni ya mtu anayegharamia shimo. Ndiye anayetoa tochi, magunia, kamba, na unga wa kula shimoni. Vyote vinaandikwa kwenye daftari. Mzigo ukitoka, yeye ndiye anayepima, yeye ndiye anayetaja bei, na deni linakatwa kwanza. Akaonyesha kwa kidole kwenye kiganja jinsi walivyokuwa wakipiga hesabu, mpaka kinachobaki hakitoshi kumlipia mtoto shule. Akasema, "Andika daftari. Giza kila mtu analijua."

Karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka katika nchi yetu, sehemu kubwa katika ardhi hii ya Lualaba na Haut-Katanga. Tumesikia hotuba nyingi juu ya jambo hilo. Swali moja la tochi lilitufundisha zaidi, na mwandishi yule aliondoka na kazi ya kufanya. Huo ndio mjadala ninaoutaka kwenye matamasha yetu.

Najua hofu ya baadhi yenu: hadithi isigeuke karatasi ya chama. Ni hofu ya haki. Lakini swali la tochi halikuidhoofisha hadithi ile, liliipa mifupa. Na ipo hofu nyingine, ambayo siwezi kuidharau, ya kukamatwa. Mshairi Abdilatif Abdalla alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipofungwa miaka mitatu huko Kenya, mwaka 1969, kwa karatasi iliyouliza nchi inakwenda wapi. Mashairi aliyoyatunga gerezani ndiyo tunayoyasoma katika Sauti ya Dhiki. Mudimbe wetu, mwandishi na mwanafalsafa mzaliwa wa Likasi, alifundisha hapa Lubumbashi, kisha akaiacha nchi kuliko kuutumikia utawala wa Mobutu. Siwezi kumwambia mtu yeyote awe shujaa kwa ajili yangu. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu, miji iliyotekwa na waasi wa M23 Januari na Februari 2025, wanapima kila neno kabla ya kulitoa. Sisi tulio na nafasi kidogo ya kusema, tuitumie.

Tuitumie hata kwa yale yanayotuuma wenyewe. Ni rahisi kulaumu Wabelgiji, ni rahisi kumlaumu Mobutu. Lakini mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa na majirani zao katika nyumba zao, Likasi na Kolwezi. Maelfu walilala stesheni wakingoja treni, watoto wakifa pale pale kwa magonjwa. Wengine walizaliwa hapa, baba zao waliletwa na kazi ya mgodi tangu enzi za ukoloni. Katika ukumbi huu wamo waliofukuzwa wakarudi, na wamo waliosimama barabarani kutazama. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimekusanya kumbukumbu za wakazi wa mji tangu mwaka 2000. Sisi waandishi tumechelewa.

Kwa hiyo ninaomba kikao cha kesho saa tisa kibadilishwe. Badala ya mada iliyoandikwa kwenye ratiba, tusome kurasa tatu nne juu ya stesheni ya Likasi, kwa Kiswahili, kwa sauti. Watakaotaka Kifaransa watatafsiriwa. Mwandishi akimaliza asiulizwe na sisi wa jukwaani. Wamama waliokuwa stesheni waanze, kisha waliobaki na nyumba zile, kama watakubali kusema. Nimeshazungumza na wamama wawili. Wamekubali kuja, kwa sharti kwamba hakuna kupiga picha.