Katuni Sio ya Watoto Peke Yao

Jamani tukae, viti huko nyuma vipo. Najua mshaanza kuchekana, kaja tena na katuni zake. Ndio nimekuja nazo tena, maana bado kuna mzazi anamwashia mtoto tivii halafu anatoka zake barazani kupiga stori, eti "hiyo ya watoto".

Mimi The Lion King, ile ya 1994, sikuiona utotoni. Nimeiona nishaota ndevu, kibanda umiza pale Mwanga, tumelipia mpira, mechi bado, mwenye kibanda akatuwekea iliyotafsiriwa ili tusimsumbue. Watu wakazomea, sisi na katuni wapi na wapi! Ila yule mtafsiri alikuwa noma, kila Scar, yule simba mdogo wake mfalme Mufasa, akitokea anasema "mcheki baba mdogo, macho yote kwenye michikichi ya kaka yake". Kibanda kikalipuka, maana nani hapa Kigoma hamjui baba mdogo wa hivyo? Basi nyumbu wakaja mbio korongoni, Mufasa akafa, kale katoto kake Simba kakamvuta baba yake sikio aamke warudi nyumbani, wapi, kakajipenyeza chini ya mkono wake kakalala hapo hapo. Halafu baba mdogo huyo anakuja taratibu anakaambia umemuua wewe, kimbia usirudi. Jirani yangu mzee mmoja wa mitumbwi, mdomo mchafu kweli yule, akasema "na mimi walinifukuza hivi hivi". Hakuna aliyecheka, na mpira ulipoanza watu bado wanabishana habari ya mirathi!

Mtu ataniambia simba hawana mirathi. Sawa, ila dume geni likiteka kundi huwa linaua watoto wa aliyepinduliwa, kwa hiyo hapo hawajatunga sana. Walipotunga ni kwa yule mganga wao anayeitwa Rafiki, lile linyani la uso wa rangi ni la misitu ya Gabon na Kamerun huko, sisi majirani wa sokwe wa Gombe watudanganye na nyani kweli? Haya, nimewasamehe.

Ile mbio ya nyumbu yenyewe ni dakika mbili na nusu hivi, imewaweka mafundi wa katuni kwenye kompyuta zaidi ya miaka 2. Yote hayo kwa ajili ya mtoto wako wa chekechea tu?

Nilikuwa na la muziki, ile sauti ya mwanzo ni Lebo M wa Soweto, Hans Zimmer aliyetunga muziki wake naye akabeba Oscar, tuliache, mwenyekiti ananionyesha saa. Wenye maswali nyoosheni mikono, na nyie akina baba wadogo hapo mlangoni msitoke kwanza.