Pete za fimbo ya kuvulia: pinda kwanza, gundi baadaye

Dogo, imewaka? Haya. Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Leo hapa Uyole, Mbeya, tunapanga pete za kupitishia mshipi kwenye fimbo ya futi 7, ya rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi, lile linaloning'inia chini. Mshikio, kiti cha rili na pete ya nchani nimeshagandisha, sitaki kuwachosha.

Hesabu ya haraka: futi 7, pete 7, ukiacha ya nchani. Unapima kuanzia nchani. Ya kwanza sentimita 10. Kutoka hapo hadi inayofuata 11.5, halafu 13.5, 16, 7.5... ngoja. Hiyo nimesoma upande wa inchi. Usikate, dogo, waone na mimi nakosea. Sawa: 19, 23, 28. Zinaachana kidogo kidogo kadiri unavyoshuka, maana ncha ndiyo inayopinda zaidi, na panapopinda sana pete zikae karibu karibu.

Zishike kwa vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli. Wengine hutumia tepu ya karatasi. Mimi napenda mpira, unasogeza pete bila kubandua kitu. Gundi bado!

Sasa spuli, ile sehemu ya rili mshipi unapokunjwa. Mshipi ukitoka unazunguka mizunguko mikubwa, ndiyo maana pete za karibu na rili ni kubwa, zinaibana taratibu. Pete ndogo ya kwanza kutoka upande wa rili ikae wapi? Pima kipenyo cha mdomo wa spuli, zidisha kwa 27. Yangu milimita 43, inakuja kama sentimita 116 kutoka mdomo wa spuli. Nikipima... inaangukia karibu kabisa na pete ya nne kutoka nchani. Safi. Ikipishana sentimita moja mbili, usigombane nayo.

Gundi bado, nimesema.

Fimbo yangu ya kwanza nilipima vizuri, nikafunga pete kwa uzi, nikapaka gundi ya epoksi. Ilikuwa Julai, mnaijua baridi ya Mbeya, siku mbili bado inanata. Nikaipeleka Matema, Ziwa Nyasa, kutafuta samaki mbasa. Nilipovuta tu, ikakunjika kona kama mguu wa panzi. Nikarudi kukata uzi wote kwa wembe, na wembe ukaichora fimbo. Hiyo sasa inaanikia soksi.

Kwa hiyo kabla ya gundi: bana mshikio mezani, pitisha mshipi kwenye pete zote, ning'iniza chupa ya maji ya lita moja na nusu. Sogeza kamera, dogo. Hapo, kati ya ya pili na ya tatu. Mshipi unakata kona kali, fimbo imepinda kivyake. Mshipi unatakiwa ufuate mpindo, kila pete ibebe kidogo. Nasogeza ya tatu kuelekea nchani, nusu sentimita... bado... hapo. Ya nne nayo imejitenga, naivuta kidogo. Angalia tena. Umeona kona ilivyolala?

Wenye rili la kukaa juu, kwenu kuna la ziada: mshipi ukigusa fimbo katikati ya pete mbili, ongeza pete.

Chungulia kutoka mshikioni zote zikae mstari mmoja, weka alama kwa penseli nyeupe. Sasa ndiyo uzi, sasa ndiyo gundi. Miguu ya pete piga tupa mpaka ncha iwe nyembamba, uzi upande bila kuruka. Pete ninazo saizi zote. Wa Tukuyu nawatumia kwa Coaster ya asubuhi.