Mzigo wa Insulini Ukifika Kutoka Ughaibuni

Ndugu zangu wa Tanga, Mwanza, Kisumu na kokote mliko, hamjambo? Leo naongea na nyumba zenye mtoto au kijana mwenye kisukari aina ya kwanza, zile ambazo shangazi au mjomba wa huku Marekani huwa anatuma mzigo wa dawa. Mzigo ule unatumwa kwa mapenzi, lakini ndani yake kuna vitu vinavyoweza kumdhuru mtoto msipovikagua.

Mashine ya kupima sukari kwanza. Za Marekani husoma kwa mg/dL, wakati kliniki za Tanzania na Kenya huandika mmol/L. Kioo kinaonyesha 180, bibi anashtuka kwa sababu amezoea kuona 10, na kumbe ni sukari ileile. Gawanyeni kwa 18: 180 ni 10, 126 ni 7, 72 ni 4. Ziandikeni namba hizo kwenye plasta, mbandike nyuma ya mashine, maana nyingi zimefungwa kiwandani na huwezi kuzibadilisha kipimo.

Nanyi mnaotuma, ulizeni kwanza kama stripu za mashine hiyo, vile vipande vya kuwekea tone la damu, zinauzwa kule. Kila mashine ina stripu zake. Zikiisha, mashine inabaki pambo. Mkebe wa stripu ufungwe mara tu ukitoa moja, kwani unyevu huziharibu. Na mtoto anawe mikono kwa sabuni, aikaushe, ndipo atoboe pembeni mwa ncha ya kidole. Aliyetoka kumenya embe akipima bila kunawa, mashine itasoma sukari ya embe, mtampa insulini asiyoihitaji.

Sasa tazameni hapa, nasogeza karibu na kamera. Hili ni bomba la sindano lenye kifuniko cha rangi ya chungwa, limeandikwa U-100. Hili jingine lina kifuniko chekundu, limeandikwa U-40. Huku Marekani hutumika kwa mbwa na paka wenye kisukari, na mtu asiyejua anaweza kulinunua kwa kuwa linafanana na lenzake. Someni pia kichupa cha insulini: kikiwa na U-100, kila mililita moja ina yuniti 100. Ukivuta insulini hiyo hadi alama ya 20 kwenye bomba la U-40, umevuta nusu mililita, yaani yuniti 50. Mtoto aliyeandikiwa 20 amepata mara mbili na nusu. Kichupa na bomba lazima viwe na namba moja. Vikitofautiana, msikisie hesabu. Tafuteni bomba linalolingana.

Jina la insulini nalo lilingane na lile la kadi ya kliniki. Wengi huko hutumia ya mchanganyiko, 30/70, inayochomwa kama nusu saa kabla ya kula. Ikija insulini iitwayo glagini ya kutoka huku, msihamishe yuniti zilezile. Glagini ni ya kufanya kazi polepole mchana na usiku, haishughulikii ugali wa saa saba. Mpelekeeni daktari apange upya. Ile ya mchanganyiko izungusheni taratibu viganjani mara 10, muipindue juu chini mara 10, mpaka iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Ikibaki na mabonge, tupeni. Na ile ambayo kawaida ni angavu, ikionekana na ukungu, tupeni vilevile.

Safarini insulini hukaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mizigo ya chini ya ndege, kwa sababu ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka. Nyumbani, isiyofunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na friza. Kama hakuna friji, msikate tamaa. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, wakaijaribu insulini kwenye joto kama hilo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yakaonyesha insulini inahimili wiki nne kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Tumieni chungu ndani ya chungu, mchanga wenye maji katikati, kitambaa chenye maji juu, kivulini penye upepo. Insulini iwe kwenye kopo kavu lililofungwa. Pwani, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, chungu hupoza kidogo tu.

Sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L, yaani 72 kwenye mashine ya Marekani, na mtoto ana fahamu, mpeni sukari iliyokorogwa kwenye maji mara moja. Mkubwa: vijiko vinne vya chai vya sukari. Mtoto wa kilo 20: kijiko kimoja na nusu. Pimeni tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado, rudieni. Akizimia, msimwagie chochote mdomoni. Mlazeni ubavu, mkimbilie hospitali.

La mwisho, na naomba sana mnisikilize. Mtoto akiumwa na kukataa chakula, insulini haiachwi. Kipimo daktari anaweza kukibadilisha, lakini kuacha kabisa hapana, maana mwili wake hautengenezi ya kwake na homa hupandisha sukari. Mkiona kiu kali, kutapika, kuhema kwa nguvu na pumzi yenye harufu ya matunda, msikae mkisubiri majibu ya malaria. Mkifika mapokezi, semeni kabla hamjaulizwa: ana kisukari aina ya kwanza, mpimeni sukari na ketoni sasa hivi. Ketoni ni asidi zinazojaa mwilini insulini ikikosekana.