Wa Banioni na wa Mwisho wa Mfereji

Ndugu wahandisi, maofisa ugani, viongozi wa vyama vya watumia maji, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie tofauti za watu katika kilimo na ugawaji wa maji vijijini. Naanza na neno moja linalonikera: "jamii". Hakuna andiko la mradi lisilokuwa nalo. Jamii itashirikishwa, jamii itachangia nguvu kazi, jamii itamiliki skimu ya umwagiliaji. Huyo jamii ni nani? Ukiufuata mfereji kwa miguu humkuti. Unamkuta mwenye shamba karibu na banio, yaani pale mto unapozuiwa ili maji yaingie mferejini, ambaye maji humfikia yeye akiwa kitandani. Unamkuta wa mwisho wa mfereji, anayekesha na jembe na tochi akingoja zamu ya usiku, na saa yake ikifika anaambulia tope, kwa kuwa huko juu kuna aliyeziba kwa magunia ya mchanga. Kuna aliyekodi shamba msimu mmoja, kuna mjane anayelima shamba lililoandikwa jina la shemeji yake, kuna mfugaji ambaye mfereji umemkatia njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Hao wote wamefungwa kwenye neno moja, wakapewa katiba moja.

Kilimo huchukua takribani asilimia 70 ya maji baridi yote ambayo binadamu huyatoa mitoni, maziwani na chini ya ardhi. Kwa hiyo mtu akisema vita vya maji, asitazame mabomba ya mjini kwanza. Atazame zamu za mashambani.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba watu wakitofautiana hawawezi kushirikiana. Nasema kinyume chake, na ushahidi ninaoupenda zaidi umetoka Nepal.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, pamoja na wenzake walilinganisha skimu zaidi ya 100 za umwagiliaji nchini humo. Nyingine zilikuwa na mabanio ya kudumu ya zege, yaliyojengwa na serikali kwa msaada wa wafadhili. Nyingine zilijengwa na wakulima wenyewe kwa mawe, udongo na matawi, na mto ukifurika unaondoka nazo. Mngetarajia zege lishinde. Lakini mara nyingi maji yalifika mwisho wa mfereji kwa uhakika zaidi kwenye zile skimu za udongo.

Kwa nini? Banio la udongo likibomoka, wa juu hawawezi kulijenga upya peke yao. Wanahitaji mikono ya wa chini. Na wa chini wana jibu lao: tutakuja kubeba mawe, lakini maji yatufikie. Huo ndio mkataba, na hauhitaji mwanasheria. Sasa aje mfadhili mwenye nia njema amwage zege. Wa juu wanaamka siku moja wakiwa na banio lisilobomoka, na hawana haja tena na mtu yeyote wa chini. Nani atamwachia maji asiyemhitaji?

Wahandisi, mnaguna. Silipingi zege, nami sijabeba mawe ya banio kila mwaka hata nikayasifia. Ninachouliza ni hiki: ukiondoa kazi iliyowafanya watu wategemeane, umeweka nini mahali pake?

Kule Bali, kisiwa cha Indonesia, wakulima wa mpunga wana ushirika wao wa maji uitwao subak, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2012. Huko wa juu wangeweza kabisa kuyazuia maji. Ila wana adui mwingine: wadudu na panya. Kila mtu akipanda kwa wakati wake, wadudu huhama jaruba hadi jaruba na chakula hakiwaishii. Bonde zima likipanda na kuvuna pamoja, mashamba yanakauka kwa pamoja na wadudu wanakufa njaa. Wa chini wanataka maji, wa juu wanataka wa chini wasiwafugie wadudu, na ratiba inapangwa kwenye mahekalu ya maji. Katika miaka ya 1970, wakati wa Mapinduzi ya Kijani, yaani kampeni ya kueneza mbegu mpya na mbolea za viwandani, wakulima walihimizwa wapande mfululizo bila kungojana. Wadudu walifumuka, na baada ya hasara ikabidi kurudi kwenye ratiba ya mahekalu. Wataalamu walikuwa wameyaona mahekalu kama mambo ya dini tu.

Ugumu unazidi tukiingia ndani ya nyumba, maana huko mfereji hauonekani. Gambia, katika miaka ya 1980, ulianzishwa mradi mkubwa wa mpunga wa umwagiliaji, Jahaly-Pacharr. Mpunga wa mabondeni huko ulikuwa wa wanawake tangu zamani. Wamandinka, kabila la huko, wana maneno mawili: maruo, shamba la kaya nzima, na kamanyango, shamba ambalo mavuno yake ni ya aliyelima. Mradi ulikubali majaruba yaandikwe majina ya wanawake. Kwenye daftari mambo yalikuwa safi kabisa. Ila majaruba hayo yakahesabiwa kuwa maruo, mkuu wa kaya akashika mavuno, na mwanamke akatakiwa kulima misimu miwili kwa mwaka pale alipokuwa akilima mmoja wa kwake. Wengi walikataa. Wakadai ujira, wa fedha au wa mpunga. Jina lake lilikuwa daftarini, lakini gunia halikuwa lake.

Kwa hiyo nikiletewa ramani ya skimu, kabla ya kuuliza mita za ujazo kwa sekunde, nauliza mambo ya kidogo kidogo. Uanachama unafuata hati ya shamba au unamfuata anayelima? Mkutano ni saa ngapi, na saa hiyo nani yuko jikoni, nani yuko na mifugo? Zamu za usiku zinaangukia akina nani, na mwanamke aliye peke yake anazifikaje? Mifereji ikizibuliwa, nani anatoa siku nyingi kuliko maji anayopata? Na swali ambalo kamati huwa hailipendi: wa chini wakigoma kesho, wa juu watapungukiwa na nini? Jibu likiwa "hakuna", basi skimu hiyo haina wanachama, ina mwenye mali na watazamaji.

Nafika hapo. Muda wa maswali ni dakika 20, na naona mwenye kipaza sauti ameshaanza na safu ya mbele, kama kawaida. Ndugu, kipeleke kule nyuma kwanza. Sisi huku mbele tutangoja zamu.